Kabla ya kuandika kwamba mwamba "uliporomoka ghafla"

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila zinapochapishwa habari za watu kufukiwa chini ya ardhi, iwe ni mgodini au kwenye handaki la maji au la barabara, sentensi ya kwanza huwa ileile: kifusi kiliwaangukia ghafla. Sina ugomvi na waandishi. Ndivyo wanavyosimulia walionusurika, na kwa aliyekuwa ndani kweli ilikuwa ghafla. Lakini neno hilo hufunga mlango wa swali linalopaswa kufuata: mwamba ule ulianza kupasuka lini, na ulipasuka kwa namna gani? Mara nyingi ulianza siku kadhaa nyuma, pengine miezi. Namna za kupasuka nazo ni zaidi ya moja, na kinga ya namna moja haifai kitu kwa nyingine. Ndiyo maana sehemu moja inajazwa matimba (magogo ya kutegemeza paa) na bado inaua, wakati nyingine haina hata gogo moja na imesimama miaka.

Tuanze na uzito. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa kawaida ina tani 2.7 hivi. Ukiwa mita 100 chini, kila mita ya mraba imebeba tani 270. Ukiwa mita 1,000, tani 2,700, ambazo wahandisi, kwa kipimo chao cha mbano, huziita megapaskali 27. Mwamba mzima umeuzoea mzigo huo tangu zama na zama. Shida inaanza tunapochimba, kwa sababu uwazi haubebi kitu. Fikiria watu waliobeba gogo refu mabegani: mmoja akichomoka, wanaolemewa ni waliokuwa ubavuni mwake, yule wa mwisho hata hajui. Ndivyo ilivyo kwa handaki. Mzigo uliokuwa ukipita pale unahamia kwenye kuta zake.

Kiasi gani? Mjerumani Kirsch aliitoa hesabu hiyo mwaka 1898 na hadi leo tunaitumia. Tundu la duara likibanwa sawasawa pande zote, ngozi ya ukuta hubeba mara mbili ya mzigo wa awali. Likibanwa kutoka upande mmoja tu, tuseme kutoka juu, kuta za kushoto na kulia hubeba mara tatu, na paa halibanwi tena bali linavutwa, kwa nguvu sawa na ule mbano wa awali. Mwamba hauvumilii kuvutwa. Jiwe linalostahimili kubanwa kwa megapaskali 200 hukatika likivutwa kwa sehemu ya kumi ya hapo, na mara nyingi chini ya hapo. Hapo ndipo paa pana na bapa linapopata ufa wake wa kwanza katikati, na ndiyo sababu wachimbaji wa kale walipenda paa la upinde. Ukienda ndani ya mwamba umbali wa kipenyo kimoja cha handaki kutoka ukutani, ziada hiyo inakuwa imeshuka hadi asilimia 11 tu. Basi mahandaki mawili yakikaribiana kuliko hapo, ukuta ulio kati yao unabebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kuna dhana moja ya kuondoa kabla sijaendelea. Wengi huamini mbano hutoka juu peke yake. Vipimo vilivyochukuliwa sehemu nyingi za dunia vinaonyesha kwamba katika mita mia chache za mwanzo, mbano wa ubavuni mara nyingi unauzidi ule wa kutoka juu. Mahali kama hapo kuta zitakaa kimya huku paa na sakafu ndivyo vinavyopondwa. Sakafu inayobenuka na kutoa vipande vyembamba ni habari muhimu kuliko ukuta unaovuja vumbi, ila kwa kuwa hakuna anayeangukiwa na sakafu, huwa hairipotiwi.

Sasa ufa wenyewe. Mhandisi Mwingereza Griffith alionyesha mwaka 1921, akishughulika na vioo, kwamba kitu kigumu hakikatiki kwa sababu nguvu yake yote imeisha. Hukatika kwa sababu ndani yake mna nyufa ndogo mno zinazokusanya mzigo kwenye ncha zao. Mwamba umejaa nyufa kama hizo, baina ya chembe na chembe. Unapobanwa, nyufa hizo hukua kwa kufuata mwelekeo wa mbano mkubwa. Na ukutani mwa handaki mbano mkubwa unapita sambamba na ukuta, wakati upande ulio wazi hauna kinachouzuia. Kwa hiyo nyufa zinakwenda sambamba na ukuta na mwamba unabanduka kwa magamba, mithili ya gome la mkaratusi: mengine membamba kama ukucha, mengine manene kama kiganja. Ukiokota vipande vyembamba, vyenye kingo kali kama wembe, vilivyoachia pale ambapo hapakuwa na ufa wa asili, basi mwamba huo unavunjwa na mbano. Hilo ni tofauti kabisa na jiwe lililochomoka kwenye nyufa zake za zamani, ambalo huwa na nyuso zilizoiva kutu, zenye udongo au utelezi.

Hapa ndipo msemo "mwamba ni mgumu, hauna shida" unapowaponza watu. Itale (graniti) iliyopimwa maabara kwa kipande cha milimita 50 inaweza kuvumilia megapaskali 200, lakini ukuta wa handaki lililochimbwa ndani ya itale hiyohiyo huanza kumenyeka mzigo ukifika nusu ya hapo, au hata kabla. Wakanada walilijaribu hili Manitoba, mita 420 chini, kwa handaki la kipenyo cha mita 3.5 lililochimbwa bila baruti ndani ya itale ambayo karibu haikuwa na ufa wowote. Hakuna aliyeweza kusingizia milipuko wala nyufa za asili. Bado mwamba ulimenyeka paa na sakafu, gamba baada ya gamba, ukaacha mchongo wa umbo la V, kisha ukatulia wenyewe.

Kwa nini ulitulia? Kwa sababu kwenye ncha ya ule mchongo mwamba unabanwa pande zote, na mwamba uliobanwa kidogo ni mwamba mwingine kabisa. Ukiwa na msuguano wa nyuzi 45 (pembe ambayo wahandisi hupimia namna nyuso za mwamba zinavyoshikana), kila megapaskali moja ya kuushika ubavuni inaongeza karibu megapaskali 6 za uwezo wake wa kubeba. Kutokana na hilo, tabaka la zege la kunyunyizia la sentimita 5 hadi 10, ambalo haliwezi kamwe kubeba uzito wa mita elfu, linafanya kazi kubwa: linayashika magamba yasidondoke, na magamba nayo yanaubana mwamba wa nyuma yake. Na ndiyo sababu haifai kuuchokonoa mchongo wa V hadi "ufike kwenye mwamba safi". Ondoa kilichoachia, funga wavu, piga zege. Anayeendelea kubandua anaupa mwamba nafasi ya kumenyeka upya, na handaki linapanuka huku yeye akidhani analisafisha.

Namna ya pili haihusiani na mbano mkubwa, na huwaua walio karibu na uso wa ardhi kuliko walio kina kirefu. Hii ni kabari. Mwamba wowote una nyufa za asili zenye mielekeo yake. Zikipatikana tatu zenye mielekeo tofauti, nazo zikakutana juu ya paa lako, zimekwisha kukukatia jiwe. Linangoja tu uchimbe chini yake. Kina kirefu mbano huwa unasaidia kulishikilia. Karibu na juu, ambako mbano ni mdogo, halina cha kulishika zaidi ya ukwaruzano wa nyuso zake. Na ukwaruzano huo ukitiwa udongo wa mfinyanzi unabaki wa jina tu.

Chukua jiwe lenye kitako cha mita 1.2 kwa 1.2 na kimo cha mita 1.5. Ni meta za ujazo 2.16, yaani tani 5.8. Boliti, yaani nondo inayofungwa ndani ya tundu lililotobolewa kwenye mwamba, ikiwa ya chuma cha milimita 20 na imefungwa vizuri, huvumilia zaidi ya tani 10 kabla ya kuanza kunyumbuka, kwa hiyo kwenye karatasi moja inatosha. Lakini boliti hiyo ikiwa na urefu wa mita 1.5 imeishia ndani ya jiwe lilelile linalotaka kuanguka! Imelishona jiwe kwa jiwe, na litashuka na boliti yake. Kanuni ya kuanzia ni kwamba urefu wa boliti usipungue mara mbili ya nafasi kati ya boliti na boliti, wala mara tatu ya upana wa wastani wa mapande ya mwamba, na kwa uwazi usiozidi mita 6 usipungue nusu ya upana wa uwazi. Chukua kilicho kirefu kati ya hivyo vitatu.

Tom Lang, aliyehusika na mahandaki ya Snowy Mountains huko Australia, alikuwa na onyesho ambalo kila chuo kingepaswa kulifanya. Ndoo inajazwa kokoto, kokoto zinafungwa kwa boliti ndogo zenye mabamba na nati, ndoo inapinduliwa. Kokoto hazimwagiki. Hakuna gundi wala saruji. Zimebanwa tu zikabebana. Wanaodhani kazi ya boliti ni kuning'iniza mawe kama taa kwenye dari waliangalie onyesho hilo. Kazi yake kubwa zaidi ni kuufanya mwamba uliopasuka ujibebe wenyewe, na hilo linawezekana iwapo boliti zinawekwa mapema, kabla mwamba haujaachia. Boliti iliyowekwa baada ya wiki mbili inakuta kokoto zimekwishamwagika.

Maji yana kesi yake. Watu husema maji "yanalainisha" mwamba. Kwenye mwamba wa udongo ni kweli, na kuna aina za udongo zinazovimba zikilowa. Ila hatari inayosahaulika ni msukumo. Maji yaliyosimama ndani ya ufa kwa kimo cha mita 10 yanausukuma uso wa jiwe, pale chini kabisa, kwa tani 10 kila mita ya mraba. Msimu wa mvua haukuongeza uzito wowote wa maana juu ya paa. Ulichofanya ni kuujaza ufa na kuzitenganisha nyuso zilizokuwa zikishikana. Dawa yake ni tundu la kutolea maji, sentimita chache za upana na mita chache za urefu. Ni kazi ya saa moja kwa mwenye drili, na huachwa kwa sababu haitoi mali.

Nguzo ndiyo sehemu ninayotaka wahariri waisome mara mbili. Nazungumzia nguzo za mwamba zinazoachwa makusudi kubeba paa. Tuseme uko mita 100 chini, nguzo zako ni za mraba wa mita 6 na njia kati yake ni za mita 6. Kila nguzo inabeba eneo la mita 12 kwa 12, yaani meta za mraba 144, sawa na tani 38,880. Uzito huo unakalia meta za mraba 36 za nguzo: tani 1,080 kwa kila mita. Sasa anakuja mtu usiku, anakwangua mita moja kila upande, kwa kuwa nguzo nayo ni mali. Inabaki nguzo ya mita 4 kwa 4. Uzito wa juu haukupungua hata kilo. Ila sasa unakalia meta za mraba 16. Ni tani 2,430 kwa kila mita, mara mbili na robo ya mwanzo. Na nguzo nyembamba ni dhaifu kuliko nene yenye kimo hichohicho, kwa hiyo mzigo umepanda huku uwezo ukishuka. Kwa njia yenye kimo cha mita 3 amepata meta za ujazo 60 za mwamba, tani 162. Amelipia kwa paa lote, maana nguzo ile ikisagika mzigo wake hautoweki. Unagawiwa majirani zake, ambao huenda nao wamekwanguliwa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960. Nguzo za mgodi wa makaa ya mawe zilisagika moja baada ya nyingine, na zaidi ya watu 430 hawakutoka. Kabla ya hapo nguzo zilikuwa zimerefushwa kwa kukata makaa ya paa. Ukiongeza kimo cha nguzo bila kuongeza upana unafanya dhambi ileile ya kukwangua, na haionekani kwa urahisi. Na tarehe 28 Desemba 1959 sehemu ya mgodi huo ilikuwa imekwisha kuporomoka. Wiki tatu na ushee! Hapo neno "ghafla" linaingiaje?

Kutokana na msiba huo watafiti Salamon na Munro walikusanya kumbukumbu za maeneo 125 yenye nguzo za makaa ya mawe, 98 yaliyosimama na 27 yaliyoanguka, wakachapisha kanuni yao ya kukadiria nguvu ya nguzo mwaka 1967. Kwa kanuni hiyo, ukizidisha kimo cha nguzo mara mbili inapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Namba zake ni za makaa ya Afrika Kusini, mtu asizihamishie kwenye mwamba wa dhahabu kama zilivyo. Mwelekeo, hata hivyo, ni huohuo kila mahali. Macho nayo yanaweza kufanya kazi bila kanuni: nguzo inayochoka humenyeka kiunoni na kuwa na umbo la kinu. Lundo dogo la vipande chini ya kila uso wa nguzo, likisafishwa leo na kurudi kesho, maana yake kiuno bado kinapungua.

Crandall Canyon, jimbo la Utah nchini Marekani, nguzo zilipasuka kwa kishindo tarehe 6 Agosti 2007 zikawafukia wachimbaji sita. Vituo vya matetemeko vikasajili mtikisiko wa ukubwa wa 3.9. Siku kumi baadaye kuta zilipasuka tena zikaua waokoaji watatu. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya wanaopiga kelele "kwa nini hawaingii kuwaokoa". Mwamba uliokwisha kupasuka mara moja umehamishia mzigo wake mahali pengine, na mahali hapo ndipo waokoaji wanapopita.

Kishindo cha namna hiyo ndicho pekee ninachoweza kukubali kiitwe cha ghafla. Kwenye migodi mirefu, kama Mponeng ya Afrika Kusini inayokaribia kilomita 4 kwenda chini, mwamba mgumu hujiwekea nguvu kama upinde uliovutwa, na ukiachia hurusha vipande badala ya kuvidondosha. Matimba hapo hukatika kama njiti; boliti ngumu zilizofunikwa saruji urefu wote nazo zinaweza kukatika kwa kuwa hazinyumbuki. Zinahitajika boliti zinazoteleza kwa kiasi huku zikishika, pamoja na wavu. Hata hivyo, hatari ya mtikisiko huwa kubwa mara tu baada ya kulipua na hupungua kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo muda wa kusubiri kabla ya kurudi ndani ni sehemu ya kinga. Usichukuliwe kama uvivu wa wasimamizi.

Baruti yenyewe hupasua zaidi ya inavyotakiwa. Matundu ya pembezoni yakijazwa sawa na ya katikati, gesi hupenya kwenye mwamba unaopaswa kubaki na kuufungua nyufa zake. Mlipuko laini unataka matundu ya pembezoni yakaribiane, mara 15 au 16 ya kipenyo cha tundu. Kwa tundu la milimita 45 ni sentimita 70 hivi, na mwamba unaosukumwa mbele yake uwe kama sentimita 85. Baruti yake iwe nyembamba kuliko tundu, na yalipuke mwisho. Matokeo yanasomeka ukutani: nusu ya tundu inabaki imechorwa kwenye mwamba kama mfereji. Ukuta usio na hata mfereji mmoja umepigwa kupita kiasi, na utadai matimba, wavu na muda wa kuchokonoa ambao ungeokolewa kwa kilo chache za baruti.

Kuhusu ufungaji wa boliti, makosa ni ya kila siku. Uji wa saruji unaojazwa kwenye tundu la boliti unataka maji kilo 0.35 hadi 0.4 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 haupaswi kupata zaidi ya lita 20. Pampu ikiwa nzito mtu anaongeza ndoo, na uji unapita vizuri, kila mtu anafurahi. Kisha maji yanajitenga na kupanda, saruji inashuka, na kwenye tundu linaloelekea juu ile sehemu ya mwisho, ambako boliti inapaswa kung'ata mwamba mzima, inabaki tupu. Kipimo cha mkono kinatosha: chota, geuza kiganja. Ukining'inia mkononi uko karibu na 0.35, ukishika lakini ukiutikisa unaachia, ni 0.4, ukidondoka wenyewe bila kutikiswa umefika 0.5, mwaga. Mpira wa kupitishia uji ufike mwisho wa tundu, urudi nyuma ukisukumwa na uji wenyewe.

Boliti za bomba lenye mpasuo, zinazogongwa bila saruji, zinashika kwa kubanwa na tundu. Bomba la milimita 46 linahitaji tundu la milimita 43 hadi 45. Biti mpya inayotoboa kwa upana uliozidi kidogo unaotakiwa inatoa tundu ambalo bomba linaingia kwa kusukuma tu, na lililoingia kirahisi litatoka kirahisi. Zikikaa kwenye maji yenye chumvi au tindikali huliwa kutu, na kwa kuwa bamba la nje bado linang'aa hakuna anayeshuku.

Matimba nayo nisiyadharau. Gogo lina sifa ambayo chuma hakina: linalia kabla ya kukatika. Lakini gogo lisilokazwa halijabeba kitu. Linausubiri mwamba ushuke, na mwamba ukishuka umeshapoteza nguvu yake. Mguu wa gogo ukae kwenye mwamba, usikae kwenye kifusi kilicholainika, na kichwa kikazwe kwa kabari mbili za mbao zinazogongwa kutoka pande zinazokabiliana. Ukiweza kulisogeza kwa mkono, ni pambo.

Kuchokonoa paa kwa mtaimbo ili kudondosha mawe yaliyoachia ni kazi inayoua kuliko inavyostahili, kwa sababu ya mpangilio mbaya. Anza baada ya moshi kutoka, osha paa kwa maji ili nyufa zionekane, anzia ulikoingilia ukielekea mbele, miguu ikiwa chini ya paa lililokwisha kuthibitishwa na njia ya kurudi nyuma ikiwa wazi. Mtaimbo ushikwe ubavuni mwa mwili, usielekezwe tumboni, ukiwa umelala kiasi cha nyuzi 45, la sivyo jiwe linateremka juu ya chuma hadi mikononi. Ukigonga, mwamba mzima hutoa mlio mkali. Ulioachia hutoa mlio mzito wa ngoma na mkono unahisi mtikisiko. Tahadhari: gamba nene linaweza kulia kama mwamba mzima. Mlio wa ngoma unathibitisha hatari; mlio mkali hauthibitishi usalama.

Na ishara za mapema hazihitaji mitambo. Ufa ukitiliwa shaka, gonga kabari ndogo ya mbao ndani yake, andika tarehe kwa rangi. Kabari ikidondoka, ufa umepanuka. Au paka chokaa juu ya ufa na uangalie kama imepasuka. Pigilia misumari miwili ya chuma kwenye kuta zinazotazamana, pima umbali kila siku saa ileile. Kuta kusogeleana milimita chache baada ya kila mlipuko si ajabu, mradi kasi ipungue. Ikiwa Jumatatu ni milimita 1, Jumanne 2 na Jumatano 4, jumla bado ni ndogo lakini handaki linafungwa, toa watu. Mabamba ya boliti yaliyojikunja, maji yaliyohama kutoka ufa mmoja kwenda mwingine, vumbi linaloanguka wakati hakuna anayechimba, hayo yote yaandikwe daftarini na anayeingia zamu asome kabla ya kuvaa kofia.

Kwa hiyo naomba waandishi wako, wakifika kwenye eneo la tukio, waulize haya hata kama msemaji ana haraka: kina kilikuwa mita ngapi, mlipuko wa mwisho ulipigwa saa ngapi na watu walirudi baada ya muda gani, nguzo zilipimwa lini kwa futikamba na zilipaswa kuwa na upana gani, vipande vilivyoanguka vina kingo kali au nyuso zenye kutu, na daftari la zamu iliyotangulia liko wapi. Kipande kimoja cha mwamba kipigwe picha kwa karibu, kikiwa na kalamu pembeni ya kuonyesha ukubwa.

Wako,
Mhandisi wa miamba